Kusafisha daftari la uvuvi kwenye kompyuta ya zamani: Access 2003, hatua kwa hatua

Kompyuta ya mwalo wetu huku Kilwa inatumia Windows XP, ina RAM ya megabaiti 512, na kwenye kibodi herufi K ilishafutika kitambo: kibua, kolekole, kamba, kaa. Ndani yake mna daftari la uvuvi lililoundwa kwa Access 2003, programu ya kutunza taarifa kwenye majedwali, nalo lina majedwali matatu: Vyombo, Safari na Samaki. Mimi ndiye karani wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa mwalo, na kila programu ilipoanza kukokota wanachama walisema tuombe kompyuta mpya. Mara nyingi kompyuta haikuwa na kosa. Faili ndiyo iliyojaa matundu, na dawa yake imo humo humo, kwenye menyu ya Tools, mahali panapoitwa Database Utilities. Wengi hawajawahi kupafungua.

Kabla ya kuanza uwe na flashi, daftari la karatasi na kitabu cha stakabadhi. Daftari la karatasi si pambo. Kila hatua hapa chini tutaipima kwa hilo. Intaneti iache, Windows XP na Office 2003 ziliacha kupewa masasisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014.

Hatua ya 1: Saa ya mashine

Usifungue programu kwanza. Tazama saa iliyo pembeni chini kulia, kisha uibofye mara mbili uone na mwaka. Mashine ikiwa imechomolewa umeme, saa yake huendeshwa na betri ndogo bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, iliyopachikwa kwenye ubao mkuu. Betri hiyo ikifa, kila ukiwasha unarudishwa miaka ya nyuma. Na kama fomu yako inajijazia tarehe ya leo yenyewe, itajaza uongo bila kukuuliza. Niliwahi kuingiza pweza wa bamvua zima, wote wakasomeka wamevuliwa Januari 2002.

Betri hiyo hupatikana kwa mafundi saa. Chomoa waya wa umeme, fungua kasha, toa ya zamani, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama nje, washa, rekebisha tarehe.

Hatua ya 2: Nakala

Nenda Tools, halafu Database Utilities, halafu Back Up Database. Access 2003 itapendekeza jina la faili likiwa na tarehe ya siku hiyo, likubali. Kama una Access 2000, amri hiyo haimo. Funga programu, kisha nakili kwa mkono faili ya .mdb, ambayo ndiyo daftari lenyewe.

Nakala iwekwe kwenye flashi. Iliyobaki kwenye diski ileile ni nanga iliyobaki ndani ya chombo. Na usiamini kwamba imenakiliwa mpaka uifungue: nenda mstari wa mwisho wa jedwali la Safari, ulinganishe namba ya stakabadhi na ile ya mwisho kwenye kitabu. Flashi iliyozunguka maduka ya picha na mashine za kudurufu usiitumie kwa kazi hii, maana hizo ndizo zinazoleta virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato.

Hatua ya 3: Kubana na kukarabati

Ukitoa samaki katikati ya tenga, waliobaki hushuka wenyewe wakajaza nafasi. Access haifanyi hivyo. Mstari ukifutwa nafasi yake hubaki tupu, na faili huendelea kunenepa hata kama taarifa hazijaongezeka. Faili ya .mdb haiwezi kuzidi gigabaiti 2, lakini kwenye mashine yenye RAM ndogo utaanza kuumia mapema zaidi ya hapo.

Fungua majedwali yote matatu moja moja, utazame chini idadi ya mistari, uiandike kwenye karatasi. Yafunge. Hakikisha hakuna mtu mwingine aliyeifungua faili hiyo kupitia mtandao wa ofisi, na kwamba diski ina nafasi ya kutosha kubeba faili nyingine ya ukubwa uleule, kwa sababu Access hutengeneza nakala mpya kwanza ndipo ibadilishe na ya zamani. Kisha Tools, Database Utilities, Compact and Repair Database. Subiri. Usibofye bofye. Ikimaliza, hesabu tena mistari. Idadi lazima iwe ileile uliyoiandika.

Mambo matatu yanaweza kukutisha hapa. La kwanza, programu inadai faili inatumika na mtu mwingine, wakati uko peke yako. Tazama kwenye folda: huenda kuna faili ya .ldb yenye jina sawa na la daftari lako, iliyobaki pale umeme ulipokatika. Ukishahakikisha hakuna aliyeifungua, ifute. La pili, unakuta faili ngeni inayoitwa db1.mdb. Hiyo huachwa pale Access iliposhindwa kumaliza kubadilisha. Usiifute wala usiibadilishe jina kabla ya kuifungua na kuhesabu mistari yake. La tatu, jedwali linaloitwa MSysCompactError linajitokeza. Maana yake kuna taarifa zilizoshindwa kuokolewa. Lisome, kisha uzichape upya mistari hiyo kutoka daftari la karatasi.

Kwenye Options kuna kisanduku cha Compact on Close, kinachobana faili kila unapofunga programu. Mimi nimekizima. Penye umeme wa kukatika katika, kubana kila jioni ni kucheza na bahati kila jioni. Mara moja kwa mwezi inatosha, na ifanyike mchana umeme ukiwa umetulia.

Hatua ya 4: Tarehe zinazogeuka

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika, na programu haitoi onyo lolote. Fungua Queries, New, Design View, funga kidirisha cha majedwali, kisha chagua SQL View. SQL ni lugha ya kuyauliza majedwali maswali. Ukitaka safari za tarehe 1 hadi 15 Aprili 2010, mkono utakutuma uandike #01/04/2010# na #15/04/2010#. Ndani ya SQL, Access husoma mwezi kwanza, hata kama Windows umeipanga isome siku kwanza. Kwa hiyo tarehe ya kwanza inakuwa 4 Januari. Ya pili, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, inaigeuza yenyewe kimyakimya kuwa 15 Aprili. Unapata samaki wa miezi mitatu na ushee, na unampelekea afisa uvuvi ukiona mwalo wako umevuna kupita kiasi.

Andika mwaka mbele, haitakuwa na njia ya kukosea:

SELECT * FROM Safari WHERE Kurudi >= #2010-04-01# AND Kurudi < #2010-04-16#;

Nimeweka 16 na alama ya chini ya, badala ya kuishia 15, kwa sababu safu ya Kurudi ina saa pia. Ukiishia 15, mashine inaishia saa sita usiku siku inapoanza, na vyombo vyote vilivyorudi mchana wa tarehe hiyo vinaachwa nje.

Kwa zilizokwisha ingizwa vibaya, panga jedwali kwa namba ya stakabadhi. Tarehe zinapaswa kupanda pamoja na namba. Inaporuka ghafla kwenda mwezi mwingine kisha ikarudi, hapo siku na mwezi vimebadilishana. Na mwaka andika tarakimu zote nne: kwa kawaida ukiandika 30, Windows hizi huielewa 1930.

Hatua ya 5: Saa zetu na saa za mashine

Nahodha akikwambia ametoka saa kumi alfajiri, karani mchovu anachapa 10:00. Mashine inaelewa saa nne asubuhi. Tafuta safari zenye muda usiowezekana:

SELECT Stakabadhi, Kutoka, Kurudi, DateDiff("n",[Kutoka],[Kurudi])/60 AS MudaBaharini FROM Safari WHERE DateDiff("n",[Kutoka],[Kurudi]) <= 0 OR DateDiff("n",[Kutoka],[Kurudi]) > 1440;

Hiyo hutoa safari zenye muda wa sifuri au hasi, na zile zilizozidi saa 24. Zilizozidi si lazima ziwe kosa. Wavuvi wa jarife, wale wa nyavu kubwa, hulala baharini. Uliza kwanza.

Kosa baya zaidi halimo kwenye orodha hiyo. Chombo kilitoka saa moja asubuhi kikarudi saa nane mchana. Karani akachapa 1:00 na 8:00. Muda ni saa saba, sahihi kabisa, ila kwa mashine ngalawa ya mshipi iling'oa nanga usiku wa manane. Hesabu ya kilo kwa saa haitakuonyesha. Ongeza safu ya Hour([Kutoka]), panga kuanzia ndogo, kisha ujiulize kila mstari: huyu na chombo chake, kweli hutoka saa hiyo? Anayewajua wavuvi wake hamalizi dakika kumi.

Kinga ni kikaratasi kilichobandikwa juu ya skrini. Saa moja hadi kumi na moja za mchana, ongeza 6. Saa moja hadi tano usiku, ongeza 18. Saa sita usiku ni 00:00. Kuanzia saa saba usiku hadi kumi na mbili asubuhi, toa 6. Kumi na mbili jioni ni 18:00.

Hatua ya 6: Majina na mistari pacha

Kwenye Queries, New, kuna Find Duplicates Query Wizard. Ichague, uipe jedwali la Safari na safu za Stakabadhi na Chombo. Usiipe tarehe na chombo peke yake, kwani wavuvi wa dagaa hushusha mara mbili usiku mmoja penye giza la mwezi, na utafuta safari ya kweli.

Access haijali herufi kubwa na ndogo, lakini nafasi inaijali: Tutafika na Tuta fika ni vyombo viwili kwake. Tumia namba ya usajili. Kwa samaki, kubalianeni jina moja. Kwetu mmoja huandika tasi, mwingine huandika tafi. Kabla ya kubadilisha kwa UPDATE, amri inayoandika upya mistari, endesha SELECT, inayosoma tu, yenye sharti lilelile uone itagusa mistari mingapi. Hakuna kurudi nyuma.

Hili moja ninalipenda:

SELECT * FROM Samaki WHERE Jina="pweza" AND Idadi>0 AND Uzito < 0.5*Idadi;

Huleta pweza ambao wastani wao haufiki nusu kilo, kipimo cha chini kinachoruhusiwa Tanzania. Kwetu wengi hugeuka kuwa makosa ya kuchapa, nukta iliyohama. Tazama stakabadhi kabla ya kumtia jirani yako matatani.

Hatua ya 7: Kutoa taarifa nje

Bofya jedwali, File, Export, chagua Text Files, weka mkato kati ya safu, na uhifadhi kama .csv. Karatasi ya Excel 2003 huishia mistari 65,536. Faili ya maandishi haina mpaka huo na hata simu huifungua. Kama daftari lenu bado ni la Access 97, fanyeni hivi mapema, maana Access 2013 na zilizofuata haziifungui kabisa. Mashine ikifa na diski ikabaki nzima, fundi mwenye Linux anaweza kutoa jedwali kwa amri hii: mdb-export uvuvi.mdb Safari > safari.csv.

Flashi moja hubaki ofisini. Ya pili hulala kwa katibu, ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, kwa sababu ya chumvi ya upepo wa kusi.