Ukiwa mchezaji na watu wanakujua: kuandaa usafi wa pwani Unguja

Mwaka 2007 muogeleaji Lewis Pugh aliogelea kilomita 1 kwenye Ncha ya Kaskazini, maji yakiwa nyuzi −1.7, bila nguo ya kuzuia baridi. Ndiyo maana anaposema habari za bahari, wakubwa wanasikiliza: mwili wake ulitangulia maneno. Beki wa timu ya mtaani, mchezaji wa kaiti (ubao wa majini unaovutwa na tiara) pale Paje au nahodha wa ngalawa anaweza kushika njia hiyo bila barafu. Aingie pwani kwanza, kamera ije baadaye.

Siku ya kazi ipange kwa mwezi, si kwa ratiba ya mechi. Bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na siku moja au mbili baadaye maji hutoka mbali kabisa. Kwa Unguja, siku hizo maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi. Watu wafike saa mbili, wayafuate maji yakitoka, na yakigeuka nao wageuke. Kati ya kujaa na kupwa tofauti hufika kama mita 4, kwa hiyo aliyenogewa na kazi kule funguni anaweza kukatiwa njia ya kurudi.

Wiki moja kabla, nenda mwenyewe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, na kwa kamati ya wavuvi. Usimtume mtu, jina lako lina thamani hapo hasa. Pwani ya mashariki ongeza kituo cha tatu: kina mama wa mwani. Vikamba vidogo vya plastiki vya kufungia mwani ni taka vikiwa vimelala mchangani, lakini vikiwa bado kwenye kamba iliyofungwa kigingini ni riziki ya mtu. Waombe wakuonyeshe mipaka ya mashamba, na wapitishe watu wako pembeni. Kamba moja ikikanyagwa, hutakaribishwa tena, na ni haki yao.

Kwa watu 20 chukua magunia 25, glovu jozi 20, mizani ya kuning'iniza, mikasi mikubwa miwili, daftari, na ndoo ngumu yenye mfuniko kwa ajili ya sindano na vioo. Kila mtu avae viatu vya soli ngumu. Kandambili haizuii mwiba wala jiwe la matumbawe. Akichomwa na samaki mwenye sumu, mguu uwekwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha apelekwe hospitali. Maji yajaribiwe kwanza kwa mguu usioumia au mkono wa mtu mwingine, kwani penye maumivu makali hapapimi joto vizuri.

Pima mita 100 za ufukwe, na kila mara rudi hapohapo. Hesabu vipande kabla ya kupima uzito: chupa, vifuniko, kandambili, nyavu, vikamba. Wavu uliolowa mchanga huvuta mizani ukaonekana peke yake ndiyo tatizo, ilhali vifuniko 300 havifiki kilo moja. Kung'uta mchanga, gunia lisipite nusu, na uzito wa gunia tupu utoe.

Majani ya bahari yaliyolala ufukweni yaache, yanashika mchanga usiliwe na mawimbi. Makome nayo yaache. Kuna kaa wanaohamia humo. Usitumie reki sehemu ya juu ya ufukwe, kasa hutaga huko.

Wavu ulionasa kwenye matumbawe usivutwe kamwe. Mzamiaji mzoefu aukate vipande vipande, mwenzake akimwangalia kutoka juu ya maji, na palipokwisha kumezwa na tumbawe pabaki: ukipang'oa, unang'oa miaka ya kukua. Kwanza uliza kama wavu una mwenyewe.

Kinachoharibu shughuli nyingi ni gari la taka. Watu hupiga picha na lundo, huondoka, na lundo hubaki juu kidogo ya mstari wa maji. Wiki mbili baadaye bamvua nyingine inalichukua lote. Gari liwe limelipwa na kuthibitishwa jana yake, na usichome plastiki ufukweni. Picha yako ipigwe gunia la mwisho likishapakiwa, umeshika daftari lenye hesabu, na nakala ya hesabu hiyo apewe sheha siku hiyohiyo.