Dakika 15 mbele ya jopo

Mara ya kwanza kutetea tasnifu nilikuwa na slaidi 41 na dakika 15. Utafiti wangu ulihusu mwani wa Paje na Jambiani, nami nikaanzia mbali: kilimo chake Zanzibar tangu 1989, ramani, mapitio ya maandiko. Mwenyekiti akanisimamisha nikiwa slaidi ya 19. Nilichokivumbua baharini kilikuwa kwenye ya 33.

Siku hizi sifungui kompyuta kabla ya kuandika sentensi moja, ile ninayotaka watu waondoke nayo. Yangu, kuhusu aina mbili za mwani unaolimwa, kotonii na spinosamu, ikawa hii: "Kotonii inakufa maji ya kina kifupi yanapopata joto wakati wa kaskazi, na mkulima anabaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo." Isemwe dakika ya kwanza. Ukishindwa kuiandika, slaidi zisubiri. Rudi kwenye data zako.

Kwa dakika 15, slaidi kumi zinatosha. Herufi zipime kwa kwenda kusimama nyuma kabisa ya chumba.

Penye kazi hasa ni kwenye grafu. Wengi huionyesha, wakasema "kama mnavyoona," wakapita. Watu hawajaona kitu. Ndiyo kwanza wanatafuta mihimili. Wasomee. "Chini ni miezi, Julai hadi Juni. Kushoto ni joto la maji. Mstari mwekundu ni karibu na ufukwe, wa buluu ni kina kirefu." Nyamaza, hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo. Kisha weka kidole kwenye Februari: "Hapa ndipo mwani ulipoanza kuwa mweupe." Mara ya pili nilifanya hivyo, kisha nikawapitishia watahini kipande chenyewe, kimepauka, kinakatika kwa kuguswa tu. Mmoja aliyekuwa akipekuapekua tasnifu aliifunga, akakishika.

Mazoezi yafanye umesimama, kwa sauti, saa ya simu ikihesabu. Wasilisho nililolisoma kimyakimya kwa dakika 12 lilichukua 18 nilipolisema. Tena tafuta msikilizaji asiye wa fani yako. Mimi nilimkalisha shangazi yangu, mkulima wa mwani, akanikatiza: "Mwanangu, hayo mabadiliko ya kifiziolojia ndiyo kule kukatikakatika?" Ndiyo, shangazi. Nikayafuta, nikaandika neno lake.

Swali lisikilize hadi mwisho, lirudie kwa maneno yako, ndipo ujibu. Kama jibu huna, sema "hilo sikulipima," kisha eleza lingepimwaje. Watahini huiheshimu sana kauli hiyo, na ni haki yao kuisikia.

Chapisha grafu yako kuu, nakala za jopo zima, hata kama faili liko kwenye flashi na kwenye barua pepe. Dakika ya sita ya utetezi wangu wa pili umeme ulikatika. Niligawa karatasi, nikawaomba watafute Februari, nikaendelea.