Otopailoti ikizingua juu ya milima ya Mbeya: shika usukani kwanza

Hii ni kwa marubani wa vijeti vya kukodi, nyie mnaowaleta wakubwa Songwe asubuhi na kurudi nao Dar jioni, na hasa wadogo zetu ambao ndo wameanza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Otopailoti za siku hizi, yaani mitambo inayoirusha ndege yenyewe, ni nzuri sana na ndo maana tunaiachia kazi yote, unainua gia (magurudumu) unaiwasha, unakuja kuizima ranwei iko mbele yako, sasa ikigoma katikati mikono imeshapoa. Na huku kwetu kupoa hakufai kwa sababu Mbeya Peak inazidi futi 9,000 na Rungwe inazidi 9,600, wakati uwanja wenyewe wa Songwe uko kama futi 4,400 tu kule bondeni magharibi ya jiji.

Kitu cha kwanza ni kuijua inavyozingua, maana haizingui kwa namna moja. Kuna ile inajitoa yenyewe, mlio unalia na taa inawaka, hiyo ni nafuu kwa sababu imekwambia. Mwezi wa nane mpaka wa kumi upepo ukiwa mkali juu ya vilima vya Kipengere inaweza kujitoa kwa mtikisiko tu. Kuna ile inafanya kitu ambacho hujaiomba, umeweka futi elfu 11 inapita, au umeipa njia inakwenda pembeni, na hapo mara nyingi haijaharibika, iko kwenye modi nyingine, yaani imepangiwa kazi nyingine, na hakuna aliyesoma ule mstari wa modi juu ya skrini. Usome kwa sauti kila unapobadilisha kitu, kila mara, hata kama mwenzako anakuona mshamba. Mwaka 1972 Marekani ndege ya Eastern namba 401 ilianguka kwenye vinamasi vya Florida, watu 101 wakafariki, na ndege ilikuwa inaruka vizuri tu, chumba kizima kilikuwa kimeinamia balbu ya gia la mbele na otopailoti ikawa imeachia kimo bila mtu kuona.

Ya tatu ndo ya kuiogopa, trimu, yaani kile kifaa kinachoegemeza mkia ili pua ikae ulipoiweka bila kushindana na usukani. Trimu ya mkia inakwama au inakimbia upande mmoja, otopailoti inashindana nayo kimyakimya, ndege imenyooka, abiria wanakunywa chai, kumbe kuna nguvu kubwa imejificha kwenye usukani inasubiri ukate otopailoti. Machi 2023 kijeti aina ya Challenger 300 kilitoka Keene, New Hampshire, kwenda Leesburg, Virginia, ikiwa inapanda maonyo yakaanza kuwaka, marubani wakafungua chekilisti ya trimu na wakazima swichi ya trimu ya mkia kama ilivyoandikwa, otopailoti ikaachia hapohapo na pua ikaruka juu, wakaisukuma ikashuka, ikaruka tena. Wakaishika mwishoni na wakatua Bradley, Connecticut, lakini abiria mmoja alifariki kwa kurushwa humo ndani. Ndege haikugusa mlima wala ardhi. Kila nikipakia watu Songwe namuwaza huyo abiria, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri kwenye hatua inayofuata.

Ukiona chochote kisichoeleweka, mikono kwenye usukani KABLA ya kukata. Shika imara, miguu kwenye pedali, kaa sawa kwenye kiti, mwambie mwenzako "najiandaa kukata, inaweza kuruka juu au chini" na kama kuna sekunde mbili za ziada washa taa ya mikanda na awaambie abiria wafunge na wakae. Ndo unabonyeza kile kitufe chekundu cha usukani. Kama unaona au unasikia trimu inazunguka usikiachie, kikandamize na uendelee kukikandamiza mpaka mwenzako azime swichi ya trimu au achomoe breka yake (kile kikata-umeme cha trimu, siyo breki) kufuatana na kitabu cha ndege yenu, kwa sababu kwenye ndege nyingi kitufe hicho kinaisimamisha trimu kwa muda ambao umekibonyeza tu, ukiachia inaendelea. Ile breka uijue ilipo ukiwa chini, gusa kwa kidole ndege ikiwa imeegeshwa, siyo unaitafuta na tochi kwenye wingu juu ya Makambako.

Ila kama ndege imeshaanza kwenda yenyewe hakuna kutangaza chochote, kata hapohapo huku umeshika. Wanaojaribu otopailoti kabla ya kuipa cheti kwa kawaida wanahesabu rubani atachelewa sekunde 3 kushtuka akiwa kruzi, na sekunde 1 akiwa kwenye aprochi. Sekunde moja! Ukiwa na simu mkononi au unaongea na mteja aliyechungulia mlangoni sekunde hiyo huna.

Umeshakata, sasa mabawa sawa, pua mahali pake, nguvu ya injini, spidi. Kama pua inavutwa chini punguza nguvu ya injini mapema kabla spidi haijapanda, kwa sababu spidi ikipanda usukani unakuwa mzito zaidi na mikono ya mtu mmoja haitatosha, saidianeni wote wawili. Ile mishale ya kukuelekeza kwenye skrini usiifuate kwanza, inatoka kwenye kompyuta ileile iliyokudanganya, iondoe. Linganisha skrini ya kushoto, ya kulia na kile kidogo cha akiba, mbili zikikubaliana na moja ikikataa umeshajua ugonjwa uko wapi, na saa nyingine otopailoti ni nzima kabisa, imelishwa taarifa mbovu na upande ule. Kumbuka pia kitufe chekundu kwenye ndege nyingi kinatoa na yo-dampa, kile kinachozuia mkia kuyumba kushoto na kulia, ukiwa juu sana utaona mkia unayumba, soma kitabu chenu kinaruhusu nini hapo.

Mtu mmoja anaendesha tu. Anayeendesha asishike chekilisti, asishike redio, aseme kwa sauti kwamba ndege ni yake na mwenzake ajibu. Hapa kuna tatizo la kwetu ambalo lazima tuliseme, mdogo anamuona kepteni kimo kinampotea ananyamaza kwa heshima. Mdogo wangu sema, "Kepteni, kimo!" hiyo haimvunjii mtu heshima. Na makepteni wakubwa zangu, mwambieni kijana kabla ya kuwasha injini kwamba mnataka aseme.

Halafu kontrola, mwongoza ndege wa chini. Kama uko kati ya levo 290 na 410, yaani futi 29,000 hadi 41,000, upo kwenye anga la RVSM, lile la nafasi iliyopunguzwa, ndege zinapishana kwa futi 1,000 tu, Afrika tunaitumia tangu Septemba 2008, na sharti mojawapo ni otopailoti inayoshika kimo. Imekufa, mwambie kontrola wa Dar mara moja kwamba huwezi RVSM kwa sababu ya kifaa, atakupa nafasi zaidi au atakushusha chini ya 290. Ukishuka mafuta yanaliwa zaidi, piga hesabu upya kabla hujajibu kwamba Songwe bado unafika. Na ikiwa unapigana na usukani tangaza pan-pan, wito wa redio wa kusema una shida ya haraka, bila aibu, kontrola hawezi kukusaidia kwa kitu asichokijua.

Kuirudisha je? Mimi msimamo wangu ni kwamba isirudishwe mpaka chekilisti iseme kwa jina kwamba unaruhusiwa, na kama kosa lilikuwa trimu basi isahau kabisa mpaka fundi aiguse. Breka ikiruka yenyewe usiirudishe kwa kujaribujaribu.

Sasa kutua. Kama hali ya hewa ni safi Songwe haina shida, ranwei ina zaidi ya kilomita 3, unaingia kwa mkono, unajipanga mbali, unatanguliza gia na flapu ili usibadilishe mambo mengi chini. Jua tu kwamba kwenye futi zile spidi yako halisi ni kubwa kuliko unayoisoma kwa kama asilimia 7 mpaka 9, na mchana wa joto inazidi hapo, kona zinakuwa pana, usikate kona kuelekea milima ya kaskazini ukidhani utajikunja kama unavyojikunja Dar. Kama ni mwezi wa sita au wa saba ukungu umelala bondeni, au masika mawingu yamegusa mlima Loleza, usiteremke kwa mkono huku bado mnasoma chekilisti. Baki juu ya kimo salama cha chati, maliza kazi yote huko, na ukipewa nafasi ya kusubiri omba iwe upande wa Usangu ambako ardhi iko chini na tambarare kuliko huku. Ndege ikiwa haijatulia kufikia futi 1,000 juu ya ranwei, yaani kama 5,400 kwenye altimita (kipima kimo), paa tena uondoke. Dodoma ipo, Dar ipo, mteja atafika kesho. Ukiwa rubani peke yako kwenye ndege inayoruhusiwa kurushwa na rubani mmoja kwa sharti la otopailoti nzima, hapo hata hilo la kuingia kwenye wingu sidhani kama ni la kujadili.

Ukishatua andika kwenye logi ya ufundi mlichokiona, siyo mlichokidhani. "Otopailoti mbovu" haimsaidii fundi. Andika kimo, spidi, modi iliyokuwa inasomeka, pua ilikwenda upande gani, breka ipi ilitoka, kulikuwa na barafu au mtikisiko, na upige picha ujumbe wa skrini kabla hujazima umeme. Kurudi Dar siku hiyohiyo kunategemea orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kukosekana ya ndege yenu, kwa hiyo ifungue kabla hujampigia bosi, na kama inaruhusu basi panga safari chini ya 290, marubani wawili, mchana, mafuta ya kutosha. Kama kosa ni trimu ndege inalala Songwe, abiria watafutie ndege ya abiria ya kawaida au hoteli mjini.