Jinsi ya Kutambua Msukosuko wa Hewa wa Ndege Iliyotangulia kwa Vihisi vya Ndege Yako

Mabawa ya ndege iliyo angani huacha nyuma yake mizunguko miwili ya hewa, mmoja kutoka kila ncha, nayo huwa na nguvu zaidi ndege inapokuwa nzito na inapokwenda polepole. Rada ya hali ya hewa haiioni katika anga kavu kwa sababu hutegemea matone ya maji, kwa hiyo usiitegemee.

Anza na kipokezi cha ADS-B (ishara za redio ambazo ndege hutangaza zenyewe), kinachokuonyesha mahali, kimo na mwendo wa ndege nyingine, kisha ukokotoe upepo kwa kulinganisha mwendo wako hewani na mwendo wako juu ya ardhi. Kwa kawaida mizunguko hushuka futi 300 hadi 500 kwa dakika. Ikishuka futi 400 kwa dakika kutoka kwa ndege iliyo futi 1,000 juu yako, itakufikia baada ya dakika 2 na nusu, na upepo wa mita 10 kwa sekunde utakuwa umeisogeza kilomita 1.5. Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabu, ndege ndogo aina ya Challenger 604 ilibingirika mara kadhaa baada ya kupishana na ndege kubwa ya abiria aina ya A380 iliyokuwa futi 1,000 juu yake, ikaenda kutua Muscat.

Kihisi ninachokiamini zaidi ni jairoskopu, kinachopima kasi ambayo ndege inazunguka au kulala upande. Iandikie kompyuta ikadirie, kutokana na mkao wa eleroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande) na mwendo wa ndege, ni kwa kasi gani ndege inapaswa kulala upande, kisha iondoe kadirio hilo katika kipimo halisi. Eleroni zikiwa katikati, halafu jairoskopu ikasoma nyuzi 8 kwa sekunde kuelekea kushoto, kuna kitu nje kinachoipindua ndege; na kama vihisi vya mabawa mawili vinavyopima pembe ambayo hewa hulikuta bawa navyo vinapingana, huo si mtikisiko wa kawaida.

Lida, kifaa kinachotuma mwanga wa leza, hupima mwendo wa chembe za vumbi zilizo mbele, ila katika anga ya juu chembe hizo ni haba.

Tahadhari ionyeshe upande wa kurekebisha kwa eleroni. Isimsukume rubani kukanyaga pedali za usukani wa mkia huku na huku kwa nguvu: Novemba 2001 mjini New York, Airbus A300 iliyokuwa nyuma ya Boeing 747 ilikatika mkia kwa namna hiyo, na watu 265 wakafariki.