Kupima soko la omena kwa simu: fomu ni rahisi, kazi iko kwa watu

Tuseme unataka kuuza omena (dagaa) ya pakiti Kisumu, na hujui kama wanunuzi wataacha kupimiwa kwa gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni. Zamani ungelipa kampuni ya utafiti wa soko ichapishe madodoso, itume wahoji, kisha makarani waingize majibu kwenye kompyuta. Leo Google Forms, KoboToolbox au SurveyMonkey, iliyoanza Marekani mwaka 1999, zinakuondolea karatasi na makarani. Swali la nani aulizwe linabaki pale pale, na ndilo linalowaweka watafiti wa kulipwa mjini mpaka leo.

Ndiyo maana linki ya WhatsApp hudanganya. Majibu 300 ya vikundi vyako ni sauti ya marafiki na marafiki zao wenye bando. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2 kwa posta, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi lakini waliochaguliwa kwa mpango, alimtaja mshindi.

Kwa hiyo anza na hesabu. Watu 96 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanakupa makosa ya asilimia 10 juu au chini. 384 wanakupa asilimia 5. Ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, andaa watu mara nne.

Ukianza na wauzaji wa soko la Kibuye, zunguka kwanza uhesabu vibanda vya omena na nafaka. Vikiwa 480 nawe unataka 96, chukua kila kibanda cha 5, na cha kuanzia kipigiwe kura kati ya 1 na 5. Kikiwa kimefungwa, rudi saa nyingine. Usirukie jirani, kwa sababu huenda aliyefunga mapema ndiye aliyemaliza mzigo. Gawa kazi kati ya Jumapili, siku kubwa ya soko hilo, na siku za kawaida. Kwa wanunuzi, nenda majumbani katika mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Milimani, na katika kila nyumba umhoji mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa inayofuata iko karibu zaidi. Usipofanya hivyo utawahoji tu wale wanaoshinda nyumbani mchana.

Sasa maswali. “Je, ungependa omena safi iliyofungwa vizuri?” Nani atamkatalia mgeni mlangoni? Uliza yaliyokwisha kutendeka: mara ya mwisho ulinunua lini, kwa nani, kipimo gani, shilingi ngapi. Kuhusu bei ya pakiti, tumia maswali manne ya Mholanzi Peter van Westendorp ya mwaka 1976: bei gani ni ghali hata usinunue, bei gani ni ya chini hata ushuku ubora, bei gani ni ghali lakini ungefikiria, na bei gani ni nafuu.

Kiasi ndicho kinachovuruga zaidi. Ukiacha nafasi wazi, utaletewa “2”, “goro 2”, “kilo 1” na “mkebe mdogo” katika safu moja, na Excel haitajumlisha. Weka sehemu mbili: namba peke yake, kisha orodha ya vipimo vya kuchagua. Gorogoro ya mahindi ni karibu kilo 2, lakini ya omena kavu ni nyepesi zaidi, basi beba mizani upime tatu za wauzaji tofauti na utumie wastani huo.

Saa nazo ni mtego. Muuzaji akisema anafungua saa moja, mhoji mwenye haraka hubonyeza 1:00. Weka chaguo la “asubuhi, saa moja hadi saa tatu” badala ya saa ya simu.

Kwenye Kobo, andika maswali kwa Kiswahili na Kidholuo ndani ya fomu moja. Mmoja atafsiri, mwingine arudishe tafsiri kwa Kiswahili bila kuona ya kwanza. Mkiwa na wahoji sita na kila mmoja atafsiri kichwani, mtakuwa na madodoso sita. Washa muda wa kuanza na kumaliza pamoja na GPS. Wahoji wapakue fomu kwenye KoboCollect, programu ya Kobo ya simu, kabla ya kutoka. Itafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Jaribu na watu 10, rekebisha, na kila mmoja apakue toleo jipya.

Lipa wahoji kwa siku. Ukilipa kwa fomu, data itapikwa chini ya mwembe. Fomu ya maswali 25 iliyokamilika kwa dakika 3, au fomu ishirini zenye GPS ya sehemu moja, zitoe. Kwa walioridhia kuacha namba, piga simu kwa mmoja kati ya kumi uhakikishe alihojiwa kweli. Usichukue namba za vitambulisho; Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka ukusanye unachohitaji tu.

Ikiwa unaomba mkopo wa mashine au unataka takwimu za kaunti nzima, tafuta mtaalamu. Si lazima umpe kazi yote: mlipe siku mbili apange sampuli na apitie maswali, nawe usimamie wahoji. Akifanya yote yeye, mwambie tangu mwanzo kwamba unataka data ghafi na idadi ya waliokataa kuhojiwa, si ripoti ya rangi peke yake.