Ukienda Saanane, nenda kuangalia mawe

Watu wengi wanavuka kwenda Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria pale Mwanza, wakiulizia wanyama wakubwa, wakirudi wanasema kisiwa kidogo hakina kitu. Jamani! Hii ni hifadhi ya taifa tangu 2013 (kabla ya hapo ilikuwa bustani ya wanyama, ilianza 1964) na utajiri wake ni mawe. Mimi wageni wangu nawapitisha hivi.

Hatua ya 1. Fika Capri Point asubuhi mapema, boti zinaondokea pale, beba kitambulisho ulipe kiingilio cha Mtanzania. Kuvuka ni dakika chache ila laifu jaketi vaa. Miguuni raba yenye soli inayoshika, sendozi hapana.

Hatua ya 2. Usikimbilie juu kupiga selfi. Simama kwenye jiwe moja ulisogelee kabisa. Hiyo ni granaiti, ilipoa taratibu chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita ndo maana punje zake unaziona kwa macho, za pinki, za kijivu, vidoa vyeusi. Baadaye maji yakapenya kwenye nyufa yakala kona zote, udongo ukachukuliwa, yakabaki haya madude ya mviringo yamebebana mpaka unajiuliza yanasimamaje. Michirizi myeusi ni njia za maji ya mvua, ile nyeupe karibu na mapango ni mikojo ya pimbi imekaukia hapo miaka na miaka, na yale madoa ya chungwa na kijani ni likeni, kuvu na mwani wanaishi pamoja. Wanakua taratibu mno, tafadhali usikwangue kuandika jina la mpenzi wako.

Hatua ya 3. Subiri jua lipashe mawe, ndo mijusi inatoka. Dume ana kichwa na mabega ya pinki, mwili wa bluu, huyo ndo Agama mwanzae, jike ni kahawia tu. Ukimfuata anakimbia, kwa hiyo kaa chini, kivuli chako kisimfikie, akianza kutikisa kichwa juu chini piga picha.

Hatua ya 4. Maji usiingie hata kunawa miguu, kuna mamba na kuna kichocho.

Muda wa kurudi kubaliana na mwenye boti kabla hajakuacha, mchana upepo ukianza mawimbi yanapanda na wenye watoto wanateseka.