Kubadilisha swichi ya taa za breki kwenye Volkswagen Beetle: anza na kipande cha waya

Nilijua swichi yangu imechoka siku dereva wa tuktuk aliponijia ubavuni kwenye foleni ya Makupa, Mombasa, akachungulia dirishani: "Mzee, taa zako zinawaka ukishasimama!" Usiku huo nikairudisha Beetle mpaka karibu na ukuta, nikatazama kioo. Nikigusa breki, giza. Nikikanyaga kwa nguvu, ukuta unakuwa mwekundu. Kijana alikuwa na haki yake.

Ugonjwa huo una sababu yake. Magari mengi swichi iko juu ya pedali, inabonyezwa na mkono wa pedali wenyewe. Beetle ya zamani haiko hivyo. Swichi imefungwa kwenye masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki), na kinachoiwasha ni msukumo wa mafuta ya breki. Ikizeeka inadai msukumo mkubwa zaidi kabla haijaunganisha umeme, kwa hiyo gari limeshapunguza mwendo na aliye nyuma yako hajaona kitu. Mwisho wake haiwaki kabisa, au inaanza kuvuja mafuta kupitia vichwa vya waya, yaani ncha zinapochomekwa waya.

Kwanza: hakikisha ni swichi

Usinunue chochote bado. Nimeona watu wakibadilisha swichi mbili kwa tatizo la ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) ya taa ya nyuma, na sisi wa pwani, kwa chumvi hii, ethi ndiyo ya kushuku mapema. Kagua fyuzi, halafu fungua taa za nyuma utazame balbu. Ni ya nyaya mbili ndani, wati 21 ya breki na wati 5 ya usiku, kwa hiyo taa ya usiku kuwaka haithibitishi kwamba upande wa breki ni mzima. Sugua kikalio cha balbu na sehemu kinapogusa bodi kwa msasa mwembamba.

Taa za breki za Beetle zinawaka swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa tu. Ukikaa na ufunguo umewashwa bila injini kuunguruma, koili na platini, vifaa vya cheche za injini, zinaweza kuungua wakati wewe umelala chini ya gari. Chomoa waya wa umeme unaoingia kwenye koili, uzungushie tepu usiguse bodi.

Sasa nenda kwenye masta. Kwa gari la usukani wa kulia, weka gogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki, liweke juu ya stendi, toa gurudumu la mbele la kulia. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Masta silinda utaiona ndani ya upenu wa gurudumu, mbele ya pedali, na swichi imejitokeza kama boliti nene yenye vichwa vya waya na, kama una bahati, kofia ya mpira.

Chomoa waya mbili za swichi, uziunganishe kwa kipande cha waya. Washa ufunguo. Taa za breki zikiwaka, njia yote ya umeme ni nzima na swichi ndiyo mgonjwa. Zisipowaka, achana na swichi, rudi kwenye fyuzi na ethi.

Kama taa zinawaka ila hafifu, rudisha waya kwenye swichi, weka mita kwenye volti, ncha moja kila kichwa cha swichi, mtu akanyage breki. Swichi nzima itaonyesha karibu na sifuri. Ukisoma volti mbili au tatu, vidoto vya ndani, vinavyogusana kupitisha umeme, vimeungua na vinakula umeme uliotakiwa kufika kwenye balbu. Ukisoma volti zote za betri, haiunganishi kabisa.

Kutambua swichi sahihi

Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Usiende dukani na mwaka wa gari peke yake. Kuanzia modeli ya 1967 Volkswagen ilianza kufunga masta ya mikondo miwili (njia mbili tofauti za mafuta ya breki) kwa magari ya Marekani, ilhali masoko mengine yaliendelea kupata ya mkondo mmoja. Tena magari yetu haya yameshabadilishwa masta mara ngapi? Tazama kilichopo.

Mkondo mmoja una swichi moja yenye vichwa viwili. Mikondo miwili ina swichi mbili, na zinaweza kuwa za vichwa viwili au vitatu. Kichwa cha tatu ni cha taa ya onyo kwenye dashibodi. Ujanja wake ni mzuri: mkondo mmoja ukikosa msukumo, swichi yake inabaki imelala, na umeme unaotoka kwa mwenzake unapitia hapo kwenda kuwasha taa ya onyo. Maana yake swichi mbovu nayo inaweza kuwasha onyo hilo ingawa breki ni nzima. Na kwa kuwa swichi mbili zinasaidiana, moja ikifa taa za nyuma zitaendelea kuwaka kama kawaida. Pima kila moja peke yake.

Namba ya swichi ya vichwa viwili ni 113 945 515 G, ya vichwa vitatu ni 113 945 515 H. Hesi, yaani meno ya kukazia, ni M10 yenye nafasi ya milimita 1, na imechongwa ikipungua unene kuelekea nchani, kwa hiyo inajiziba yenyewe ikikazwa.

Kubadilisha

Andaa kila kitu kabla ya kulegeza: swichi mpya mkononi, spana inayokaa sawasawa, matambara, beseni, chupa ya mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, na maji. Mafuta hayo yanakula rangi. Yakidondoka kwenye bodi, mwagia maji mengi papo hapo. Vaa miwani, kwa sababu uso wako utakuwa chini ya swichi.

Piga picha waya kwa simu. Kwa swichi ya vichwa viwili waya hazina kulia wala kushoto, lakini ya vichwa vitatu ukikosea utakesha.

Fungua kikopo cha mafuta kwenye buti la mbele, tandika kipande cha nailoni mdomoni, ufunge kifuniko juu yake. Hewa isipoingia, mafuta yatashuka polepole. Futa vumbi lote kuzunguka swichi. Kisha legeza ya zamani kwa spana, imalizie kwa vidole huku mpya ikisubiri mkono wa pili, toa, ingiza. Mtu asikanyage breki wakati huo. Mwambie ashuke kabisa.

Kaza mpaka ishike vizuri, basi. Vitabu vinasema Nm 15 hadi 20, kiasi ambacho spana fupi inatosha. Usizungushe tepu nyeupe ya mabomba kwenye hesi. Fundi mmoja aliniwekea, na nikaja kutoa nyuzinyuzi zake ndani ya masta.

Toa nailoni, jaza mafuta, kanyaga pedali mara kadhaa. Ikiwa ngumu na palepale ilipokuwa, umepona. Ikiwa laini kama sifongo, toa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta), ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mbele kulia.

Ili usirudi huku mwakani

Balbu mbili za wati 21 kwenye volti 12 zinavuta ampea 3.5, na zote zinapita kwenye vidoto vidogo vya swichi. Kwenye gari la volti 6 ni mara mbili ya hapo. Mimi nimeweka rilei, swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe mwingi. Kwa namba zilizo kwenye miguu yake: waya wa taa unaotoka kwenye swichi unaingia 86, 85 inakwenda ethi, 30 inachukua umeme wa betri kupitia fyuzi yake, na 87 inakwenda kwenye taa. Gari la volti 6 linataka rilei ya volti 6.

Rudisha waya wa koili, funga gurudumu, jaribu tena ukutani kwa mguu mwepesi. Baada ya siku mbili tatu ingia na tochi, upitishe kidole chini ya swichi mpya. Kikitoka na unyevu, kaza kidogo zaidi. Kikitoka kikavu, pandisha kofia ya mpira uiache.